Pesa ya Alhamisi: Nani Alilipia Kisomo cha Ng'ambo?

Daftari lenyewe ni la kawaida, limevalishwa jalada la kalenda ya mwaka uliopita. Mwalimu hulitoa mkobani pamoja na vipande vya chaki na kitambaa cha kufutia ubao, akaliweka juu ya baraza. Upande wa kushoto kaandika majina ya wanafunzi wake: vijana walioacha skuli kabla hawajafika mbali, na mama wawili watu wazima. Upande wa kulia kapiga mistari ya wiki. Ndani ya vijumba hivyo hamna alama za mahudhurio wala za mtihani. Mna maneno mawili tu yanayojirudia, "kaleta" na "bado". Na "bado" ndizo nyingi.

Nililiona daftari hilo alasiri moja Jang'ombe, mtaa wa Ng'ambo mjini Unguja, uchochoroni, mahali ambapo ubao ni ukuta wa nyumba uliopakwa rangi nyeusi. Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, nami nikacheka peke yangu. Hakuna aliyeipanga iwe Alhamisi, alinambia mwalimu. Ndiyo siku wanayokuwa na chochote mfukoni. Lakini waliokuwa wakisoma barazani miaka mia moja iliyopita nao walilipa siku hiyohiyo.

Kabla hapajawa na Wizara wala Idara ya Elimu, mtoto wa pwani alisomeshwa chuoni. Chuo hakikuwa jengo. Kilikuwa baraza la mwalimu, mkeka, na sauti za watoto wakikokoteza herufi kwa pamoja. Kila Alhamisi, kabla ya mapumziko ya Ijumaa, mtoto alikwenda na ada yake: sarafu iliyofungwa pembeni mwa kanga ya mama, na pasipo sarafu, kibaba cha nafaka au mzigo wa kuni. Neno pesa lenyewe ni mjukuu wa paisa ya Kihindi, na rupia ilikuwa fedha ya Unguja mpaka mwaka 1936 ilipoipisha shilingi. Mtoto akihitimu Kurani, wazazi walijikaza wakatoa zaidi. Mwalimu hakuwa na mshahara, alikuwa na Alhamisi.

Huo ulikuwa mfumo wa fedha, ingawa hakuna aliyeuita hivyo. Mlipaji alimjua mlipwaji, na aliyeshindwa kulipa hakufukuzwa, kwa sababu mama yake na mke wa mwalimu walichota maji kisima kimoja. Ulikuwa na udhaifu wake pia. Mwalimu akiugua, darasa liliyumba. Akifa, wanafunzi walitawanyika kutafuta baraza jingine. Na kisomo chenyewe kilikuwa kimoja. Hesabu za dukani mtoto alizipata dukani, ufundi wa mashua aliupata ufukweni. Msichana akivunja ungo alikuwa na somo wake na unyago wake, na huo nao ulikuwa na ada yake.

Serikali ya kikoloni ilipoingia kwenye shughuli hii ilidhani imekuta uwanja mtupu. Idara ya Elimu ilisimama mwaka 1907 chini ya Rivers-Smith, na skuli zake za mwanzo zikakaa upande wa Mji Mkongwe. Ng'ambo ilikuwa ng'ambo kweli: ng'ambo ya hori la maji, ukivuka daraja lililoipa Darajani jina lake. Huko walikaa wachukuzi, mafundi, wavuvi, wapishi wa majumba ya mawe na watu waliotoka utumwani na watoto wao. Skuli za serikali zikakosa watoto, hasa mashamba, kwa sababu wazazi hawakuona kwa nini mwana aache msahafu akasome herufi za Kizungu. Mwishowe Kurani ikaingizwa darasani na mwalimu wa Kurani akaingia kwenye orodha ya malipo. Hapo ndipo mwalimu wa chuo alipoanza kumtazama mlipaji asiyemjua. Kwa wasichana subira ilikuwa ndefu zaidi: skuli yao ya serikali ilifunguliwa mwaka 1927, nayo ikiwa Mji Mkongwe.

Mwaka mmoja baadaye, 1928, mambo mawili yalitokea yanayoonyesha Ng'ambo ilikuwa ya namna gani. Wakaazi waligomea kodi ya viwanja waliyotozwa na wenye ardhi, mgomo uliowatikisa wakubwa wa mji. Na mwanamke wa Ng'ambo aliyetoka Fumba, asiyepita skuli yoyote, alipanda meli kwenda Bombay kurekodi sahani za santuri: Siti binti Saad. Elimu yake aliipata kwa kusikiliza, kushika na kurudia, akikaa na mafundi wa ngoma na ala mpaka kazi ikamkaa. Huwa nawakumbusha hivyo wanaodhani elimu mbadala ililetwa na semina.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia jumba la Rahaleo likajengwa kwa ajili ya watu wa Ng'ambo, na mwaka 1951 Sauti ya Unguja ikaanza kutangaza kutoka hapo. Rahaleo ni jirani wa Jang'ombe. Mtu hutembea kwa miguu bila kutoa jasho. Rahaleo ndiyo sehemu iliyotekwa Januari 1964 na Mapinduzi yakatangazwa kwa redio. Lishike jina hilo, tutalirudia.

Tarehe 23 Septemba 1964, Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila malipo. Kwa Ng'ambo tangazo hilo halikuwa dogo, na mpaka leo siku hiyo huadhimishwa kila mwaka. Watoto waliokuwa hawana pa kusoma waliingia darasani kwa maelfu, na mzee aliyewahi kuona mwanawe akirudishwa nyumbani kwa kukosa ada hatavumilia mtu akizungumza vibaya juu ya siku hiyo. Kando ya skuli za mchana, watu wazima nao wakafunguliwa madarasa ya kisomo, jioni, kwa taa ya kandili, mwalimu akiwa kijana aliyejitolea kwa posho ndogo. Bara walifanya makubwa upande huo: mwaka 1970 ulipewa jina la mwaka wa elimu ya watu wazima, na mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni 2 kwenye vikundi vya kusikiliza na kujadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo.

Lakini kuna kitu kilichopotea Septemba ile, na sijaona kikiandikwa sana. Neno "bure" lilimvua mwalimu wa mtaani haki ya kuomba. Kabla yake, kutoa cha Alhamisi ilikuwa heshima. Baada yake, anayechangisha alitazamwa kwa jicho la shaka: elimu ni bure, wewe unazipeleka wapi hizo? Chuo cha Kurani kilinusurika kwa sababu kina dini nyuma yake. Darasa la kuandika na hesabu la mtaani halikuwa na kinga hiyo. Kuanzia hapo lilitegemea kasha la serikali, na kasha la serikali lilitegemea karafuu.

Karafuu nazo zilitegemea Indonesia, ambako sigara zao huchanganywa na karafuu. Indonesia ilipopanda mikarafuu yake ikajitosheleza, bei ikaporomoka miaka ya 1980 na haikurudi palepale. Ukaja uchaguzi wa 1995 na mgogoro wake, wafadhili wakasitisha misaada kwa Zanzibar, na hali ikaanza kulegea baada ya Muafaka wa 2001 kati ya vyama vya CCM na CUF. Katika miaka hiyo skuli zilisomesha kwa zamu mbili, asubuhi na mchana, na "bure" ikawa na mkia mrefu wa michango: ya chaki, ya mitihani, ya mlinzi, ya madawati. Aliyeshindwa alikaa nyumbani. Aliyeshinda michango alikutana na mchujo wa Kidato cha Pili, uliokatisha safari za maelfu ya vijana. Wavulana wakaenda Darajani kubeba mizigo na kuuza bidhaa mkononi, wasichana kwenye kazi za ndani. Na msichana aliyepata mimba nje ya ndoa alikabiliwa na kitu kibaya kuliko mchujo: sheria ya mwaka 1985 iliyoruhusu afungwe. Ilifutwa mwaka 2005, na mwaka 2010 Zanzibar ikaweka utaratibu wa kumrudisha skuli mzazi mdogo, miaka 11 kabla ya Bara kufanya hivyo.

Basi hao ndio waliojaza mabaraza ya Jang'ombe na mitaa jirani. Nani awalipie?

Jibu lililofikiriwa kwa makini zaidi halikuwahusu wao hata kidogo, liliwahusu wadogo zao. Mwaka 1986 huko Mombasa, wazazi Waislamu wa pwani walioona watoto wao wanaachwa nyuma darasa la kwanza walisaidiwa na Wakfu wa Aga Khan kuanzisha skuli za maandalizi ndani ya madrasa, kazi iliyoongozwa na Bi Swafia Said. Mwaka 1990 mpango ukaja Zanzibar, mwaka 1993 ukaingia Uganda. Watu wa kijiji au mtaa waliomba wenyewe, wakatoa banda au kulijenga, wakachagua kamati, wakatafuta msichana wa hapohapo awe mwalimu. Kituo cha mpango huo kilimfundisha mwalimu na kuifundisha kamati: namna ya kuandika daftari la fedha, ya kuitisha mkutano, ya kumwambia mwenyekiti kwamba hesabu yake haijakaa sawa. Miaka ikipita skuli ilifanyiwa mahafali, skuli yenyewe, si watoto tu, na hapo jamii ikaweka akiba yake, mfuko wa mpango ukaongeza juu yake, jumla ikawekezwa pamoja na ya skuli nyingine. Faida yake ndiyo ingesaidia posho ya mwalimu. Mtaji hauguswi.

Mwislamu wa Unguja hahitaji kuelezwa wazo hilo mara mbili. Ni wakfu. Babu zetu waliweka wakfu minazi na nyumba za Mji Mkongwe ili misikiti iwashwe taa. Tofauti ni kwamba minazi ilitoa nazi hata uchumi ukiyumba, na gawio la uwekezaji hutegemea masoko ambayo kamati ya mtaa haiyaoni. Gawio dogo halitoshi mshahara wa mwalimu, na mzazi aliyesikia kwamba "kuna hela benki" hupunguza kasi ya kuchangia. Hata hivyo skuli hizo zilienea, na Sera ya Elimu ya mwaka 2006 ilipoitia elimu ya maandalizi ndani ya elimu ya lazima, ilikuta mabanda ya kamati za wazazi yamekwishaifanya kazi hiyo miaka mingi.

Sera hiyohiyo iliitaja elimu mbadala waziwazi, na hapa ndipo tunarudi Rahaleo. Kituo cha Elimu Mbadala kikawekwa hapo, kwa vijana waliokosa skuli au walioiacha njiani: asubuhi Kiswahili na hesabu, kisha mikono kwenye ushoni au useremala. Kwa kijana wa Jang'ombe kilikuwa cha kwenda kwa miguu, na hilo ni jambo kubwa kuliko mitaala yote, maana nauli ya daladala imeua masomo mengi. Mwaka 2006 pia ikaundwa Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, na kwa mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika vikajengwa vituo vya amali Unguja na Pemba, baadaye Makunduchi na Daya Mtambwe. Majengo mazuri, yana mashine. Mkopo hujenga ukuta kwa urahisi. Kumlipa mtu anayepita nyumba kwa nyumba kumshawishi mama amwachie binti yake saa mbili za mchana, hicho ndicho mkopo haukijui.

Redio nayo ilijaribiwa upya kipindi hichohicho. Kwa fedha za Marekani na wataalamu wa Education Development Center kilitengenezwa kipindi cha Tucheze Tujifunze, kwa watoto ambao hawakuwa na skuli ya maandalizi karibu. Kijana wa mtaa alikaa na watoto chini ya mwembe au kwenye kibanda, redio ikiimba, watoto wakijibu na kuruka. Gharama ya mtoto mmoja ilikuwa ndogo. Mradi ulipokwisha, kilichobaki kilikuwa rekodi za vipindi, ambazo haziozi, na yule kijana wa mtaa, ambaye anakula kila siku.

Hapo ndipo pana fundo, na si la Zanzibar peke yake. Bara walikuwa na MEMKWA, Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Watoto Walioikosa, ulioanza kwa majaribio mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa msaada wa UNICEF, kisha ukapelekwa nchi nzima. Ulibuniwa vizuri: rika la miaka 11 hadi 13 na rika la 14 hadi 18, miaka mitatu, kisha mtoto anaungana na wenzake kwenye mfumo. Mwezeshaji wake asiyekuwa mwajiriwa alikuwa wa posho, posho zikachelewa, wanafunzi wakapungua mwaka hadi mwaka. Bangladesh, shirika la BRAC lilianza mwaka 1985 na skuli 22 za chumba kimoja, zikazaa maelfu kwa maelfu. Hata huko, wafadhili walipopunguza mkono, skuli nyingi zilifungwa na nyingine zikaanza kutoza ada. Na hapa nyumbani, chuo cha muziki cha Nchi za Majahazi, kilichoanza mwaka 2002 na kulea wapiga kanuni na udi ambao wengi wasingepata pengine pa kujifunza, mwaka 2019 kilibaki kidogo kifunge milango kwa ukata baada ya wafadhili kuondoka.

Mimi mwenyewe niliwahi kukaa kwenye kamati ya darasa la jioni, mtaa sitautaja wala mfadhili. Bajeti ilikuwa na fungu la bango la uzinduzi, fungu la semina, fungu la fulana. Chaki tulitakiwa kununua kwa risiti ya mashine. Duka la mtaa linalouza chaki halina mashine, na lenye mashine liko mjini, nauli ya kwenda na kurudi ni zaidi ya bei ya chaki. Tukawa tunanunua chaki kwa fedha zetu na kurudisha fungu la chaki likiwa zima, tukasifiwa kwa ubanaji matumizi. Mwaka wa pili fungu hilo likafutwa, kwa kuwa halikutumika.

Ukitaka kuona fedha za jamii zilizokataa kufa, utazikuta nje ya elimu. Kando ya msitu wa Jozani, shirika la CARE lilisaidia vikundi vya kuweka na kukopa vilivyozaa JOSACA, chama chao cha akiba na mikopo. Kila kikundi kina kasha la chuma lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, na kasha hufunguliwa mbele ya wanachama wote. Hakuna fedha ya mfadhili ndani ya kasha. Mradi ulipomaliza muda wake vikundi viliongezeka badala ya kupungua, wanawake wakifundishana wenyewe kwa wenyewe, na anayefundisha kikundi kipya hulipwa na kikundi hicho. Kinyasini, tangu mwaka 2015, Barefoot College inawafundisha ufundi wa umeme wa jua akina mama wa vijijini ambao wengine hawakupata kusoma. Wakirudi kijijini, kaya huchanga kila mwezi na kamati ya kijiji humlipa fundi wake kutokana na mchango huo.

Lipo la kuchekesha hapo. Mama wa kikundi cha akiba hujikuta anataka kusoma bila kuitwa kwenye kisomo, kwa sababu kitabu chake cha hisa kina tarakimu na hapendi mwingine amsomee. Wale mama wawili wa Jang'ombe, walioandikwa kwenye daftari la mwalimu, walikuja kwa njia hiyo. Mmoja anauza maandazi na yumo kwenye mchezo wa fedha wa mtaani, na siku moja alipewa zamu isiyokuwa yake akashindwa kubisha kwa kuwa karatasi aliishika juu chini.

Mwaka 2015 serikali ilifuta michango ya skuli za msingi, na miaka hii skuli za ghorofa zimeota kila wilaya, zamu mbili zikianza kusahaulika kwa baadhi ya watoto. Wizara na UNICEF wamekuwa wakiwasaka watoto walio nje ya skuli, masheha wakitoa majina shehia kwa shehia. Mtoto wa miaka 8 akipatikana ana pa kupelekwa. Kijana wa miaka 17 aliyeacha darasa la tano, anayetoka kubeba viroba saa kumi alasiri, bado pa kumpeleka ni barazani, kwa mwalimu ambaye hayumo kwenye orodha ya mtu yeyote.

Nilimuuliza mwalimu kama amewahi kufikiria kasha la kufuli tatu. Amefikiria, lakini wanafunzi wanapita, leo wapo kesho wamekwenda Dar es Salaam au Oman, ufunguo utaondoka nao. Kuhusu kuomba ruzuku alicheka, akanionyesha fomu aliyopewa, kurasa nyingi, sehemu ya kwanza ikitaka namba ya usajili wa taasisi. Akairudisha mkobani.

Wanafunzi walianza kufika mmojammoja. Kijana wa mwanzo aliweka noti juu ya daftari bila kusema, wa pili akapita akiangalia pembeni. Mama wa maandazi alikuja na bahasha ya gazeti iliyolowa mafuta, akaiweka pale pale penye noti. Mwalimu akalifungua daftari, akasita kidogo kwenye kijumba chake, maana "kaleta" ni kwa fedha na "bado" si kweli. Akachukua rula, akapiga mstari mpya wa mwisho pembeni ya ukurasa, akauandikia juu: "vyakula".